Programu ni ya Wote. Ankara Itoke kwa Nani?

Barua tatu za safari hii, mbili za Lamu na moja ya Malindi, zinauliza jambo moja kila moja kwa upande wake: namna ya kupata riziki kwa programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, bila kuiharibu. Tumeijibu ya kwanza kwa urefu kwa sababu ndiyo yenye mambo mengi.

SWALI: Tu vijana watatu. Kwa miaka mitatu tumeandika programu ya simu ambayo makarani wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia madiko) huitumia kuandika samaki wanaoshushwa dikoni: aina, kilo, chombo na bei. Tumeitoa kwa leseni huria ya GPL toleo la 3. Sasa inatumika Faza, Kizingitini, Malindi, mpaka Pemba, ambako kuna mwenzetu anayetusaidia kuandika msimbo, yaani maandishi yanayoiunda programu. Simu za kuomba msaada haziishi, mchana na usiku. Shirika moja liko tayari kutulipa tuihudumie mwaka mzima, ila haliwezi kutuma pesa kwa M-Pesa ya mtu binafsi; linataka kampuni, PIN ya kodi na ankara. Wenzetu wengine wanasema tukifungua kampuni tutakuwa tumeuza cha watu wote. Tufanyeje? (Wasomaji, Langoni, Lamu)

JIBU: Fungueni. GPL haikatazi kutoza pesa hata kidogo. Inachokataza ni kumpa mtu programu ukamnyima msimbo wake, au ukamzuia asiibadilishe na kuigawa. Kampuni ya Cygnus ilianzishwa Marekani mwaka 1989 ikiuza matengenezo ya programu za GNU ambazo yeyote angeweza kuzichukua bure. Red Hat, kampuni nyingine ya programu huria, iliafikiana kuinunua mwaka 1999, na Red Hat yenyewe ilinunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Msimbo wenyewe ulikuwa wazi siku zote. Kilichonunuliwa ni watu wanaoujua, mikataba yao, na imani ya wateja kwamba simu ikipigwa itapokewa.

Hata hivyo wenzenu wanaowaonya hawajakosea kabisa. Hatari iko katika kuchanganya. Kuna vitu vitatu, msimbo, jina na fedha, na kila kimoja lazima kiandikwe ni cha nani kabla ya ankara ya kwanza kutoka. Leo hakuna cha kugombania, kwa hiyo mtakubaliana kwa saa moja. Ngojeni pesa ziingie, mtahitaji mawakili watatu.

Tuanze na msimbo. Kwa sasa kila aliyeandika mstari ndiye mwenye hatimiliki ya mstari huo: nyinyi watatu na huyo wa Pemba. Uacheni hivyo hivyo. Kampuni nyingi huwataka wachangiaji watie sahihi hati ya kuipa kampuni haki ya kubadilisha leseni itakavyo. Ushauri wetu ni kwamba msiitake hati hiyo. Kila mchango na uambatane na mstari mmoja wa Signed-off-by, mchangiaji akithibitisha kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo kwa leseni ya mradi. Utaratibu huo kerneli ya Linux inao tangu mwaka 2004 na haugharimu kitu. Faida yake ni kwamba kampuni yenu haitaweza kuifunga programu peke yake hata ikishikwa na tamaa, maana itahitaji ridhaa ya kila mwenye msimbo. Ni kufuli mnajifungia wenyewe, na wateja wakiliona wanawaamini zaidi. Elastic, kampuni ya programu ya utafutaji, iliiacha leseni yake huria Januari 2021, na Amazon ikachukua toleo la mwisho lililokuwa huria ikaliita OpenSearch. HashiCorp ilifanya vivyo hivyo Agosti 2023. Haukupita muda waliokuwa wakiitegemea programu yake wakaanzisha OpenTofu, tawi huria la programu hiyo. Kampuni hizo zilikuwa na fedha za kupambana na wapinzani wa namna hiyo. Kampuni ya watu watatu Lamu haina.

Hapa pana mtego wa sheria. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya kinasema kazi aliyoiandika mwajiriwa kazini huhesabika kuwa ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Maana yake ni kuwa siku kampuni inapowaajiri, kila mtakachoandika tangu asubuhi hiyo ni cha kampuni. Lile kufuli linalegea kimyakimya. Basi katika mkataba wa kila mwajiriwa, nyinyi wenyewe mkiwemo, wekeni sentensi hii: hatimiliki ya michango katika mradi inabaki kwa mwandishi, naye anaitoa kwa leseni ile ile ya mradi.

Kama mna sehemu inayokaa kwenye seva, ile inayojumlisha kilo za madiko yote, iangalieni upya. GPL haimlazimishi mtu anayeibadilisha programu na kuiendesha kwenye seva yake kutoa mabadiliko hayo. AGPL toleo la 3, leseni ndugu ya GPL iliyotoka mwaka 2007, inamlazimisha. Mko wanne tu wenye hatimiliki, kwa hiyo kukubaliana kuhamia AGPL leo ni rahisi. Mkifika arobaini haitawezekana.

Jina sasa. Kampuni isiitwe jina la programu, na tunalisisitiza hilo. Kampuni ikifa, programu ibaki na jina lake. Na kijana wa Tanga akitaka naye kuihudumia, asilazimike kuomba ruhusa ya mshindani wake. Alama ya biashara husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya Kenya inayosimamia alama hizo. Kwenu ni daraja la 9, la programu zenyewe, na la 42, la huduma za programu. Ombi hutangazwa kwenye jarida lao, watu wakapewa siku 60 za kupinga. Likipita, ulinzi ni wa miaka 10 na unahuishwa. Nani awe mwenyewe? Mozilla walikuwa na taasisi isiyo ya faida tangu mwaka 2003, na kampuni ya biashara wakaiunda mwaka 2005 ikiwa chini ya taasisi hiyo. Mradi wenu bado mdogo kuwa na taasisi yake. Kuna mashirika yanayobeba miradi ya watu kwa kukata sehemu ya mapato, kama Software Freedom Conservancy la New York lililoanza mwaka 2006, lakini huchagua. Kwa sasa inatosha alama iandikwe kwa majina ya watu wawili au watatu wanaouongoza mradi, kukiwa na hati ya ukurasa mmoja mbele ya wakili: wameishika kwa niaba ya mradi, na kampuni yoyote inayotoa huduma kwa uaminifu inaruhusiwa kusema inaihudumia programu hii.

Pamoja na jina kuna funguo. Akaunti ya GitHub, tovuti msimbo unapohifadhiwa, iwe ya mradi na iwe na wamiliki wawili au zaidi, si ya mtu mmoja. Jina la tovuti vilevile. Na upo ufunguo mmoja ambao wengi huukumbuka maji yakiwa shingoni: ule wa kutilia sahihi faili la APK, ambalo simu ya Android huliweka kuwa programu. Ikiwa mnaligawa faili hilo wenyewe, kwa WhatsApp au kutoka kwenye tovuti yenu, na kompyuta yenye ufunguo ikaanguka baharini, hakuna simu itakayokubali toleo jipya juu ya lile la zamani. Itabidi kila karani aiondoe programu aiweke upya, na akiiondoa, rekodi ambazo hazijapelekwa kwenye seva zinapotea zote. Wekeni nakala mbili za ufunguo huo, mahali pawili tofauti, pamoja na nenosiri lake ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kusajili kwenyewe ni jambo jepesi. Ingieni eCitizen, upande wa Huduma ya Usajili wa Biashara. Tafuteni jina kwanza, ada yake shilingi 150. Pelekeni majina matatu kwa mpangilio mnaoupenda, kwani la kwanza mara nyingi limeshachukuliwa. Kampuni binafsi yenye hisa hulipiwa kama shilingi 10,650. Hakikisheni kiasi hicho kwenye ukurasa wenyewe, ada hubadilishwa. Kila mkurugenzi awe na kitambulisho, PIN, picha na anwani. Mfumo hutoa fomu ambazo mnazichapa, mnatia sahihi na kuzipandisha. Mwenye asilimia 10 ya hisa au zaidi huandikwa katika fomu ya wamiliki halisi. Katibu wa kampuni si lazima mpaka mtaji uliolipwa ufike shilingi milioni 5. Mkikwama, nendeni Huduma Centre. Benki itadai CR12 ya karibuni, yaani hati inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa, na azimio la wakurugenzi linalotaja nani anatia sahihi; wekeni sahihi mbili. Leseni ya biashara ya kaunti inafuata baada ya hapo.

Hisa msizigawe theluthi theluthi siku ya kwanza zikawa zimekwisha. Andikeni kwamba kila mmoja anazipata kidogo kidogo kwa miaka 4, na atakayeondoka kabla ya mwaka kutimia hapati kitu. Kijana anayepata kazi Nairobi mwezi wa tano akaondoka na theluthi ya kampuni huwaachia wenzake mzigo wa miaka. Mwenzenu wa Pemba si lazima awe mwanahisa. Mnaweza kumlipa kwa mkataba wa ushauri, ila mkumbuke kuwa mkimlipa ni lazima mkate kodi ya zuio na kuipeleka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya: asilimia 15 kwa raia wa Afrika Mashariki asiyekaa Kenya, 20 kwa mgeni wa kwingine.

Kuhusu fedha, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na KRA nao hawakubali kingine. Ankara zitoke kupitia eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, la sivyo mteja wenu hawezi kuihesabu gharama hiyo katika hesabu zake za kodi. Mkimtoza mteja 100,000 kwa huduma ya kitaalamu, tarajieni 95,000: asilimia 5 huzuiliwa na kupelekwa KRA kwa jina lenu, na hati yake huonekana iTax, tovuti ya KRA. Ihifadhini, ni kodi mliyokwisha kuilipa. Kodi ya faida ni asilimia 30. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, mnalazimika kujisajili kwa VAT, na hapo ndipo kampuni changa nyingi huumia: VAT hudaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata ankara, mteja awe amelipa au hajalipa. Ankara ya milioni moja kwa ofisi ya umma inayolipa baada ya miezi sita maana yake ni kuikopesha serikali 160,000 zenu. Tumeni kwanza makadirio ya bei. Ankara halisi itoke kazi ikishapokelewa kwa maandishi. Na hata mwaka ambao hamkuuza kitu, pelekeni ritani tupu, kwani faini ya kampuni inayochelewa huanzia shilingi 20,000.

Mnauza nini hasa? Mfano mmoja utaonyesha. Simu ya karani imezimika betri siku mbili. Ikiwashwa, tarehe imerudi mwaka 1970. Karani anaandika kamba kilo 14. Rekodi inafika kwenye seva, seva inaiweka mahali pake, yaani chini kabisa, miaka hamsini na kitu nyuma. Mwisho wa mwezi jumla ya Kizingitini imepungua, mwenyekiti wa BMU anamtazama karani kwa jicho la wizi, naye karani anaapa kwamba aliandika. Kurekebisha ni kazi ya saa mbili: programu ilinganishe saa ya simu na ya seva kila inapounganika, na tofauti ikizidi siku moja imuulize karani kabla ya kupokea. Msimbo wa marekebisho hayo utakuwa bure kwa kila mtu, Pemba pia wataupata. Shirika linalipia kitu kingine: kwamba mtu fulani alipokea simu, akajua pa kutafuta, na akamsafisha karani kabla ya mkutano wa Ijumaa.

Basi ahadi hiyo iwekeeni mipaka na bei. Tuseme kila mmoja wenu anataka mshahara wa 80,000. Ongezeni michango ya mwajiri ya NSSF na ya tozo ya nyumba, na fungu lake la intaneti, seva, kompyuta, mhasibu na nauli ya boti, tuseme 40,000. Jumla ni 120,000. Mwezi una saa 160 za kazi, lakini msijidanganye, za kulipwa ni nusu yake, 80. Gawanyeni, saa moja inatoka 1,500. Mkitoza 500 kwa kuona haya, mnawafidia wateja kutoka matumboni mwenu. Mkataba wa saa 12 kwa mwezi ni 18,000, kwa robo mwaka 54,000, nazo zilipwe kabla ya robo kuanza. Andikeni kwamba simu hupokewa Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Jibu la kwanza ndani ya saa 4. Njia ya muda ya kuendelea na kazi ndani ya siku 2. Msiahidi kamwe muda wa kumaliza hitilafu. Safari za visiwani zitajwe kando na nauli yake. Msimu wa kaskazi, samaki wakiwa wengi, simu zitaongezeka. Likizo zenu zipangeni kusi.

Jambo moja lisiachwe: siku moja katika juma kampuni imlipe mtu aushughulikie mradi wenyewe, kusoma michango ya watu wa nje, kuwajibu, kuandika maelezo ya matumizi. Kazi hiyo haina mteja. Ikikosa siku yake, mchangiaji wa Pemba atangoja jibu miezi miwili, kisha atanyamaza, na mtabaki na kampuni yenye programu ya watu watatu tu.

SWALI: Mimi ni mkutubi. Shule mbili na chuo kimoja wameniomba niwawekee Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba, na niwe nikiwaangalizia kila mwezi. Ni halali kutoza kwa kitu nilichokipata bure? Na naweza kuiita kampuni yangu Koha Malindi? (Mkutubi, Malindi)

JIBU: Kutoza ni halali, dada. Jina hapana. Koha ilianza New Zealand mwaka 1999, katika maktaba za Horowhenua, na neno lenyewe ni la Kimaori, lina maana ya zawadi. Mwaka 2011 maktaba hizo hizo zililazimika kuomba msaada wa watu duniani ili kuizuia kampuni ya kigeni isiisajili alama ya jina hilo nchini mwao. Chagua jina lako mwenyewe, kisha andika chini yake: huduma kwa maktaba zinazotumia Koha. Hiyo ni kueleza kazi yako, haina ubaya.

Kwa shule ya vitabu elfu chache, kompyuta yenye RAM ya GB 4 na mfumo endeshi wa Debian inatosha, pamoja na UPS, ile betri ya akiba. Usiache UPS. Umeme ukikatika ghafla, faharasa ya Zebra, ambayo Koha huitumia kutafutia vitabu, huweza kuharibika: mwanafunzi anatafuta kitabu, hapati hata kimoja, mwalimu anapiga simu kwamba vitabu vyote vimefutika. Havijafutika, vimo kwenye hifadhidata. Endesha koha-rebuild-zebra ukiwa na -f na jina la maktaba, subiri dakika kadhaa, virudi. Kila usiku Koha hujitolea nakala kwenye /var/spool/koha, lakini nakala iliyo ndani ya mashine ile ile huungua pamoja nayo. Ihamishe kwenye diski ya nje inayolala jengo jingine, na kila mwezi jaribu kuirudisha kwenye kompyuta ya pembeni. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa usimtoze mtu kwayo. Majina ya wanafunzi yanalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kama utaondoka na nakala, mkataba useme hivyo, na diski ifungwe kwa nenosiri.

Wateja watatu hawahitaji kampuni bado. Jina la biashara, linalosajiliwa eCitizen kwa chini sana ya ada ya kampuni, linatosha kuanzia. Ila fahamu tofauti yake: jina la biashara ni wewe mwenyewe, deni lake ni deni lako. Ukipata mteja ambaye hasara yake huwezi kuilipa, hapo sajili kampuni.

SWALI: Ofisi ya umma inataka tuipanue programu yetu huria, lakini rasimu ya mkataba inasema msimbo wote utakuwa mali yao. Tukubali? (Msomaji, Mokowe)

JIBU: Si kama ulivyo. Na kukifuta tu kipengele hicho hakutoshi, kwa sababu mkataba ukinyamaza, kifungu kile kile cha 31 kinampa aliyeagiza kazi hatimiliki. Lazima yaandikwe. Ombeni kipengele hiki: hatimiliki ya nyongeza inabaki kwa waandishi, ofisi inapokea nakala kamili ya msimbo kwa leseni ya mradi, ikiwa na haki ya kuutumia, kuubadilisha na kumpa fundi mwingine bila malipo, na takwimu zote zilizoingizwa ni mali ya ofisi. Mara nyingi afisa anachoogopa ni kufungwa kwa fundi mmoja asiyepokea simu, na kipengele hiki kinamwondolea hofu hiyo. Ongezeni sharti la kumkabidhi nenosiri la seva siku ya mwisho ya mkataba, aone kwamba mnasema kweli.

Kama wakurugenzi wote ni vijana na vijana wanashika angalau asilimia 70 ya hisa, chukueni cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kutenga zabuni, kabla ya kuomba. Asilimia 30 ya zabuni za umma zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini cheti hakiharakishi malipo. Gawanyeni kazi mafungu matatu, kila fungu lilipwe likipokewa, na la pili lisianze mpaka la kwanza limeingia benki.